Mwenye Gari Ndiye Aendeshe

Sijui kuendesha gari. Nimekagua magari ya watu karibu maisha yangu yote ya kazi, nimelala chini yake, nimenusa mazulia yake, nimevunja uchumba kati ya wanunuzi na magari waliyokwisha kuyapenda, na kuendesha sijui. Si kwamba nimesahau, wala si kwamba macho yamechoka. Sijawahi kujua. Kila nilipoulizwa nilificha: mwanzo kwa aibu, baadaye kwa mazoea, na mwishowe kwa ufundi mkubwa kiasi kwamba dereva wa ofisi alikuwa akiwaambia wageni, "Mama huyu mnayemwona, barabara zote anazijua." Ni kweli nazijua. Nimezipita zote nikiwa nimekaa kiti cha nyuma.

Nyie mliobaki ofisini mmenisumbua niandike kazi ilivyokuwa, mkitumaini mambo ya injini. Yapo, yanakuja. Lakini ile kanuni mliyoikuta imebandikwa ukutani, kwamba mkaguzi haendeshi gari linalouzwa, mwenye gari ndiye aendeshe, haikuletwa na bima wala na mwanasheria. Niliitunga mie, mchana mmoja Kinondoni, nimeshikishwa ufunguo nao unaniunguza mkono.

Chuo kikuu nilisoma historia. Nilihitimu nikijua sababu za kuanguka kwa dola kadhaa, na sikujua sababu hata moja ya gari kukataa kuwaka asubuhi. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja Kinondoni, nyuma ya duka la matairi, na kazi yake ilikuwa ile ile mnayoifanya leo: mtu anataka kununua gari lililotumika, anatuita tulitazame kabla hajajiingiza. Fundi alikuwa mmoja tu, Mzee Nandonde, Mmakonde wa Newala, mwenye masikio makubwa na subira ndogo. Aliona kila kitu, tatizo likawa kwenye taarifa. Taarifa zake zilikuwa na neno moja: "Bovu," au siku ya furaha, "Siyo bovu." Wateja walilalamika. Ndipo wakatafuta mtu wa kuandika, wakanipata mie.

Siku ya kwanza nilipelekwa kwenye kagari ka kijani pale Magomeni. Niliandika ukurasa mzima. Nilisifu rangi, nikaeleza jinsi taa za mbele zilivyokaa kwa upole, nikagusia na historia fupi ya magari madogo mjini. Mzee Nandonde alisoma hadi mwisho, jambo ambalo kwake lilikuwa tendo la huruma, akaniuliza, "Mwanangu, hili gari linauzwa au linaozwa?"

Kuanzia hapo alinifundisha. Fika mapema kuliko ulivyoahidi, uguse boneti. Ukiikuta ya moto, mwenye gari ameliwasha kabla yako, na injini inayoona aibu kuwashwa ikiwa baridi mbele ya wageni ina siri. Fungua kifuniko cha oili, tazama kwa chini: ukikuta uji wa rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili; funga, aga, ondoka. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho kabisa, kwa sababu mtu ataosha viti, atabadilisha mazulia, atapuliza marashi, lakini hakuna anayekumbuka kuosha ile sehemu ya mkanda inayolala ndani. Gari lililowahi kukaa kwenye mafuriko linabaki na mstari wa tope pale. Toa tairi la akiba, tazama bati la chini kama limechomelewa.

Vifaa vyangu vilikuwa vinne, vyote vinaenea kwenye mkoba wa kanisani. Tochi. Kioo kidogo kilichofungwa kwenye kijiti, cha kutazamia pasipoingia kichwa. Sumaku niliyoivisha kitambaa isikwaruze rangi: unaipitisha mlangoni taratibu, ikiacha kushika ujue hapo bati limeondoka na puti ya kuzibia imechukua nafasi. Na khanga ya kulalia chini ya gari, yenye maneno ya kumsuta jirani, ambayo wauzaji wengi waliyasoma wakadhani nimewaandikia wao.

Sikuwa hodari mara moja. Kuna baba mmoja wa Tandale nilimwambia mbele ya mnunuzi, kwa sauti ya msomi, kwamba gari lake limekaa kwenye maji machafu, harufu haidanganyi. Alifungua buti akanionyesha magunia. Alikuwa mfanyabiashara wa dagaa. Mzee Nandonde hakunisema. Ila mwezi mzima kila nikiingia ofisini alikuwa akinusa hewa.

Sasa ile kanuni. Nilikuwa nimeanza kutumwa peke yangu. Dalali mmoja wa Kinondoni, kijana wa miwani ya jua, hakutaka hata nitoe tochi. Alinirushia ufunguo.

"Sista, mie sina maneno mengi. Gari lenyewe litakwambia. Endesha."

Lazima niseme kwamba mume wangu alishajaribu kunifundisha, Jumapili moja, kwenye kiwanja cha mpira Tandika. Kiwanja kizima kilikuwa kitupu isipokuwa goli moja. Nililipata.

"Kanuni ya ofisi hairuhusu," nikamjibu yule dalali.

"Kanuni gani tena?"

"Mwenye gari ndiye aendeshe. Mambo ya bima."

Nikaingia nyuma haraka, upande wa kushoto, nisije nikaketi mbele akaniuliza habari za gia. Kutoka pale nilimwona vizuri: mikono yote miwili, na miguu nayo. Nikaona jambo. Kila tuta alilivuka kwa upande, gurudumu la kushoto kwanza, kwa uangalifu, kama mtu anayeingia kwenye maji ya baridi. Mdomo unasifia gari, mikono inalihurumia. Tulipofika tuta la tatu nikamwomba, "Hili livuke wima, kaka." Akanitazama kwenye kioo. Akalivuka wima. Upande wa mbele kulia kikalia kishindo kama sufuria iliyoanguka jikoni, na ule muda wote wa safari iliyobaki hakusifia tena kitu.

Hapo nikajifunza kitu ambacho hakuna chuo kingenifundisha. Mtu anapokaa na gari bovu, mwili wake hujifunza kulibeba. Anajua mlango upi unyanyuliwe kidogo ndipo ufunge, kona ipi iingiwe polepole, na redio iongezwe sauti wapi. Muulize, atakuapia kwa Mungu kwamba halina kitu. Mdomo umeshapanga uongo wake. Mikono haikuitwa kwenye kikao.

Nilipomsimulia Mzee Nandonde aliniuliza, "Na wewe ulipoliendesha ulisikiaje?"

"Sikuona haja."

"Unajua kuendesha?"

"Nitashindwaje, mzee?"

Alicheka mpaka akakaa. Halafu akasema, "Hiyo kanuni yako ni nzuri. Iandike uibandike. Si ndiwe mwandishi?" Nikaibandika. Aliondoka duniani bila kuniuliza tena, Mungu amrehemu, na nina hakika alikwenda anajua.

Miaka ikapita, ofisi ikahamia Temeke, na mie nikawa maarufu kwa kukaa nyuma. Wauzaji walinikaribisha mbele kama mtu mzima, nikakataa, wakaniita bosi. Waliosisitiza niendeshe walipewa kanuni. Waliobishana na kanuni walipewa bega linaloniuma. Kisha akaja Deo, kijana wa chuo cha ufundi, mpole, na ile mashine yake inayochomekwa chini ya usukani ikasoma makosa yote ambayo kompyuta ya gari imeyahifadhi. Niseme bila wivu: mashine ile ni nzuri, na Deo ni fundi kweli. Tulikwenda pamoja, yeye na mashine mbele, mie na khanga nyuma, na mara nyingi tulikubaliana.

Mara moja hatukukubaliana, na ilikuwa kazi yangu ya mwisho kubwa.

Mwajuma anaoka keki Tandika. Keki zake zina sifa mpaka ng'ambo ya mji, lakini alikuwa akizipeleka kwa bajaji, na keki ya ghorofa tatu ilishawahi kufika ukumbini ikiwa ghorofa moja na kifusi. Sasa mwenye ukumbi mmoja Mbezi Beach alikuwa amemwahidi: harusi zote za ukumbi huu, keki ni zako, mradi uzilete mwenyewe, kwa wakati, zikiwa zimesimama. Ajaribiwe kwa harusi ya Jumamosi. Ikifika vizuri, kazi ni yake. Ikikwama njiani, kuna mwokaji mwingine anasubiri mlangoni. Kwa hiyo Mwajuma alihitaji gari dogo kabla ya Jumamosi, na alikuwa ameshaliona: jeupe, safi, la Baba Angela, huko huko Mbezi Beach. Alituita Jumatano, lakini kwa namna alivyoongea, alituita tuje kumpongeza.

Baba Angela alitupokea getini, shati limepigwa pasi. "Shikamoo mama. Karibu mbele, mama yangu, nyuma huko ni kwa watoto."

"Marahaba, baba. Mie nyuma napapenda."

"Mama ni bosi, braza," Deo akamwambia. "Bosi hakai mbele."

Boneti ilikuwa baridi. Oili safi. Mkanda hauna mstari. Sumaku ilishika kila mahali. Mashine ya Deo ikasoma, ikamaliza, naye akainua dole gumba: "Safi kama sahani." Mwajuma akanibana mkono kwa furaha. Tukaingia, Deo mbele, sie wanawake nyuma.

Baba Angela akaweka rivasi. Akatulia, akarekebisha kioo ambacho kilikuwa kimekaa sawa, ndipo akaachia breki. Akaweka gia ya mbele. Akatulia, akatazama saa yake, ndipo tukaondoka. Nikasema moyoni, mtu makini huyu. Tukazunguka mitaa, gari likapata moto. Kwenye njia panda akarudi nyuma kumpisha mwenye lori: gia, akagusa kola ya shati, tukaenda. Kila alipohamisha gia alijipatia kakazi kadogo ka kufanya, na kadiri gari lilivyopata moto ndivyo hako kakazi kalivyorefuka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unaisubiri giaboksi, kama mtu anayemsubiri mgonjwa amalize kukohoa ndipo aendelee na mazungumzo.

"Baba Angela," nikasema, "tupande huu mlima wa kwenda Goba, tugeuzie juu."

"Aah, mama, huko kuna foleni."

Sote tuliutazama mlima. Barabara ilikuwa nyeupe, hakuna hata bodaboda.

"Basi geuza hapa hapa. Rivasi, halafu mbele, papo kwa papo. Usisubiri."

Akacheka vizuri. "Gari ni kama mwanamke, mama. Halitaki papara."

"Tuko wanawake wawili humu, baba, na tumekuruhusu."

Hata Deo alicheka. Baba Angela akakumbuka kwamba ana kikao, akaturudisha nyumbani polepole, akigusa kola.

Nje ya geti nikamvuta Mwajuma pembeni. "Usilinunue."

Uso ukamwanguka. "Mama, umeona nini?"

"Nimeona mkono wake. Giaboksi ikipata moto inachelewa kushika. Yeye ameshaizoea, ndiyo maana anaisubiri."

"Mkono?" Akamgeukia Deo. "Kaka, mashine inasemaje?"

Deo aliangalia viatu vyake. "Mie mashine inasema safi, dada."

Baba Angela alikuwa ametusogelea. "Dada Mwajuma, mie sikulazimishi, wanunuzi wapo. Ila mama aseme mbele yangu, ushahidi wake ni upi? Mimi kugusa kola?"

 Ukilisema kwa sauti, barabarani, jua la mchana likiwa kichwani, kweli lilikuwa jambo la kipuuzi: mwanamke mwenye shahada ya historia anakataza gari kwa sababu ya kola. Nilitamani sana wakati ule niwe najua kuendesha. Ningechukua ufunguo, nipande ule mlima, nimalize ubishi. Badala yake nikaandika kwenye taarifa kwamba sishauri linunuliwe, nikatia sahihi yangu peke yangu.

"Na Jumamosi?" Mwajuma aliniuliza, macho yamejaa. "Keki nitaibeba kwenye mgongo wako?"

Ijumaa niliongozana na Mwajuma na Deo mpaka Ukonga, kwa Bi Agnes, mwalimu mstaafu anayehamia kwa mwanawe Iringa. Gari lake lilikuwa na rangi ya dengu zilizolala, na bonde mlangoni. Mashine ya Deo ikalia makosa mawili. "Hayo najua," alisema Bi Agnes. "Moja ni kipima moshi, jingine sijui, fundi alinieleza nikasahau. Pandeni basi, mnataka kwenda wapi?"

"Popote," nikamwambia.

Akatupeleka popote. Alitoa kiwiko dirishani, akarudi nyuma na kwenda mbele pah! pah! bila hata kutazama gia, akavuka matuta huku akimgeukia Mwajuma kumsimulia wajukuu, akapanda ukingo wa barabara kumkwepa mbuzi, akashuka, hakukatisha hata sentensi. Aliliendesha kama mtu aliyevaa kandambili zake mwenyewe. Mkono haukusubiri kitu wala mguu haukuhurumia kitu. Deo akalala chini kwenye khanga yangu, akatazama, akatoka akiitikia kwa kichwa: makosa ni madogo, kipima moshi anabadilisha leo leo.

"Hili," nikamwambia Mwajuma.

"Baya jamani," akasema. Lakini hakuwa na jingine, na siku ilikuwa inakwisha.

Jioni ile Deo alinifuata mezani. "Mama, nimerudia kuyapitia yale ya gari jeupe. Kumbukumbu ya makosa ilifutwa karibuni."

"Maana yake?"

"Inaweza kuwa kaficha. Inaweza kuwa kabadilisha betri tu, nayo inafuta. Siwezi kuapa." Hiyo ndiyo heshima ya Deo: hakunipa ushindi ambao hakuwa nao mkononi.

Jumamosi jioni simu yangu ililia ujumbe wa sauti. Sikusikia maneno, nilisikia vigelegele. Keki ya ghorofa nne, kutoka Tandika mpaka Mbezi Beach, imesimama wima kama askari wa gwaride, hata ua moja la sukari halikudondoka. Ukumbi ukawa wake. Nilicheza peke yangu sebuleni, na nina mwili usiochezeka kirahisi.

Lakini kuna shauri lilibaki. Dengu limefaulu, sawa. Hilo halikuthibitisha kwamba jeupe lingeshindwa. Mwajuma mwenyewe alikuwa akisema, "Lile jeupe lingetoka vizuri zaidi kwenye picha." Baba Angela hakuliuza, na kila Deo alipopita Mbezi Beach alilikuta barabarani linang'aa, akanitania: "Mama, kola inakusalimu." Siku ya kuniaga nilipostaafu, Mwajuma alileta keki yenye umbo la gari, ndani yake mama wa sukari amekaa kiti cha nyuma. Kila mtu alicheka, mie zaidi. Meneja akasimama na soda yake, akasema mama ametuokoa kwenye magari mengi mabovu, na labda ametukosesha moja zuri. Wakapiga makofi. Nikapiga na mie, huku naumia.

Nilianza kuandika haya nikiwa sijui kama niliona au niliota. Juzi mchana, nachagua mchele, simu ikaita, namba ngeni.

"Shikamoo mama. Mie Baba Angela, wa Mbezi Beach."

"Marahaba, baba. Hamjambo? Na lile jeupe halijambo?"

 "Lipo Goba, mama. Mlimani. Mbele haliendi, nyuma haliendi. Fundi amesema giaboksi."

Niliziba mdomo kwa khanga. Mchele ulimwagika, nikauacha. Nilipoweza kusema, nilisema lile linalopasa: "Pole sana, baba."

"Ahsante. Sasa mama, kuna gari nimelipenda, liko Kigamboni. Mwenyewe ni mstaarabu sana, anaongea vizuri mno."

"Kama wewe."

Akacheka, kicheko cha mtu aliyelipa. "Kama mie. Ndiyo maana naogopa. Nataka uje ulikague."

"Nimestaafu, baba. Mtafute Deo, yule wa mashine. Siku hizi na yeye anakaa nyuma."

"Deo aje, sikatai. Lakini nakutaka wewe, pale pale ulipokaa siku ile."

Sijui nini kilinipata. Labda ni furaha, labda ni kwamba sina tena ofisi ya kuilinda. "Baba Angela," nikasema, "nikwambie ukweli. Mie kuendesha gari sijui."

"Najua, mama," akasema. "Mtu anayejua kuendesha, ukimpakia, macho yake yanakwenda barabarani. Wewe safari nzima ulikuwa unatazama mkono wangu. Kesho nikupitie saa ngapi?"